Andika mikono ilichofanya: siku ya mtathmini wa mafunzo kazini

Siku mbili kabla ya ziara, mtathmini humpigia simu msimamizi wa mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza ufundi akiwa kazini. Asiishie kuuliza "Atakuwepo?" Aulize "Saa nne asubuhi atakuwa anafanya kazi gani?" Ukiuliza la kwanza peke yake utajibiwa "Yupo, karibu sana," halafu ufike umkute mwanagenzi wa umeme anapanga mabomba stoo kwa sababu nyaya hazijaletwa. Safari imeshaliwa, na kishawishi kinachofuata ni kumwomba aigize kazi ili fomu isirudi tupu. Maigizo yana mahali pake. Huwezi kusubiri moto uwake kweli ndipo upime kama mtu anajua kuuzima. Lakini kazi anayoifanya kila wiki haina sababu ya kuigizwa. Ipangieni siku nyingine.

Kabla ya kutoka, fungua jalada la mwanagenzi, lenye ushahidi wa kazi zake. Tazama vipengele vya umahiri, yaani ujuzi mmojammoja anaopimwa, ambavyo bado havijakamilika, mpango mliokubaliana ziara iliyopita, na alichoahidi kuleta. Chagua vipengele viwili au vitatu vinavyoweza kuonekana katika kazi moja, maana kazi halisi haifuati mpangilio wa kitabu cha vigezo. Anayefunga soketi anagusa usalama, usomaji wa mchoro, matumizi ya zana na usafi wa eneo kwa wakati mmoja. Beba vifaa vyako mwenyewe vya kujikinga: kofia ngumu, viatu vya usalama, miwani, kizibau cha kuakisi mwanga. Mtathmini anayeazima kofia getini huku amekuja kupima usalama anajiaibisha bure.

Kuhusu idadi ya ziara, naona mbili kwa siku zinatosha, na tatu ni kwa siku ambayo maeneo yamekaribiana. Ziara moja hula saa mbili hadi tatu: dakika 60 mpaka 90 za kutazama kazi, 20 au 30 za maswali, robo saa ya mrejesho, na zilizobaki za kuandika. Anayejisifu kwa ziara tano, muulize maandishi yake anayaandika lini.

Ukishasaini kitabu cha wageni na kupewa maelekezo ya usalama, zungumza kwanza na msimamizi, mwanagenzi akiwa hayupo. Muulize kazi ipi anamwachia aifanye peke yake na ipi bado anasimama karibu naye. Jibu hilo lina uzito kuliko sifa kumi za "ni kijana mzuri, ana bidii." Baada ya hapo mweleze mwanagenzi utatazama nini na kwa vigezo vipi, kwamba hutamsaidia wala kumdokezea, na kwamba utasimamisha kazi papo hapo ukiona hatari. Mikono ya wengi hutetemeka dakika kumi za mwanzo. Mwache apange zana zake, azoee kuwa kuna mtu pembeni.

Sasa simama mahali unapoona mikono yake bila kumzibia mwanga wala njia. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watathmini wengi hulegea. Chukua mfano wa kuhakikisha saketi haina umeme kabla ya kuigusa. Hatua zinajulikana: kutambua saketi, kuizima, kuifunga kwa kufuli na kuiwekea lebo, kupima testa (kifaa kinachoonyesha kama kuna umeme) kwenye chanzo kinachojulikana kuwa nao, kupima saketi yenyewe, kisha kurudi kupima testa kwenye kile chanzo cha kwanza. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa. Mwanagenzi akiona testa imekaa kimya kwenye saketi, huridhika. Lakini testa iliyokufa dakika hiyohiyo nayo hukaa kimya, na kuirudisha kwenye chanzo ndiko kunakotofautisha saketi isiyo na umeme na kifaa kibovu. Kama ulikuwa umeinamia fomu wakati huo, hutajua kama aliifanya, na utajaza kwa kukisia.

Akiiruka, je, useme? Saketi bado haijaguswa, kwa hiyo subiri kidogo. Huenda akakumbuka mwenyewe. Mkono ukianza kuelekea kwenye waya, simamisha kazi. Kuanzia hapo kipengele hicho kwa siku hiyo ni "bado," hata kama yaliyofuata yalikwenda vizuri.

Namna ya kuandika nayo ina kanuni moja: kiandikwe kilichoonekana, si ulivyojisikia. "Alifanya kazi kwa usalama na kwa ustadi" ni sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mtu asiyefika. Linganisha na hii: "Alizima saketi namba 4, akaweka kufuli na lebo yenye jina lake, akapima testa kwenye soketi ya jirani, akapima saketi, hakurudi kupima testa." Mwingine akiisoma baada ya miezi sita ataona kazi yote, na ataona pia kwa nini uamuzi ulikuwa ule. Katika huduma za afya ni vivyo hivyo. "Alinawa mikono vizuri" haisemi kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, na 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono chenye spiriti. Basi andika alitumia nini, alichukua muda gani, na kama vidole gumba alivifikia au alivisahau, maana husahaulika sana.

Halafu kuna fundi mwema. Huyu hana nia mbaya hata kidogo, ila kila mwanagenzi akisita, yeye humsogezea spana inayofaa au hukohoa. Mwombe kwa heshima asogee kando, na kama alisaidia, andika alisaidia wapi.

Maswali yaje baada ya kazi, yajazie kisichoonekana. "Ulipima testa mara mbili kwa sababu ya usalama, sivyo?" si swali, ni jibu lililowekewa alama ya kuuliza. Sema "Nieleze kwa nini ulifanya hivyo," au "Ungekuta rangi za nyaya hazilingani na mchoro, ungefanyaje?" Ukishauliza, nyamaza. Sekunde kumi za kimya zinaonekana ndefu, lakini mtu anafikiri, na ukizijaza kwa maneno yako umemjibia. Msimamizi naye asimjibie. Asiyekuwa mwepesi wa kuandika aulizwe kwa mdomo, na maneno yake yanakiliwe kama alivyoyasema. Unapima ufundi wa umeme, si insha, isipokuwa kigezo chenyewe kinataka kuandika.

Jalada lenye picha nyingi linavutia, lakini picha ya kazi iliyokamilika inathibitisha kwamba kazi ipo, haithibitishi aliyeifanya. Itake iwe na tarehe, maelezo yake mwenyewe, na sahihi ya aliyemwona akiifanya. Nyuso za wagonjwa, watoto au wateja zisionekane. Barua ya shahidi isemayo "anaweza kazi zote" irudishwe kwa upole, ikiwa na ombi la kutaja kazi ipi, lini, na alifanya nini. Angalia pia maelezo yanayofanana neno kwa neno kati ya wanagenzi wawili wa karakana moja. Usimtuhumu mtu. Mpe kila mmoja kazi ileile ukimtazama, na jibu litajitokeza.

Mrejesho utolewe siku ileile, faraghani, na uamuzi utangulie. Ukianza na dakika kumi za kusifu, mtu hasikii chochote, anasubiri "lakini." Mwambie: vipengele viwili umekamilisha, kimoja bado, na hiki ndicho kilichokosekana. Neno "bado" si la kubembeleza. Lina maana kwamba ushahidi haujatosha na kuna nafasi nyingine. Mpango unaofuata uandikwe kwa kazi na tarehe: "Kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, afanye hatua zote za kuhakikisha saketi haina umeme mara tatu mbele ya msimamizi, kila mara ikisainiwa." "Aongeze bidii kwenye usalama" hakumpi mtu la kufanya kesho asubuhi. Mweleze pia jinsi ya kukata rufaa asipokubali, hata kama anatabasamu.

Kabla ya kuondoka, hakikisha sahihi zote zipo na tarehe zinalingana. Tarehe ya uamuzi iliyotangulia tarehe ya ushahidi ni kosa dogo la kalamu, lakini mhakiki wa ndani, anayekagua baadhi ya majalada ya watathmini, akilikuta kwenye sampuli yake hulirudisha jalada zima, na mwanagenzi ndiye anayechelewa kupata cheti. Rekodi ziingizwe kwenye mfumo jioni hiyohiyo. Ukilala nazo, asubuhi utakumbuka kwamba alikuwa mzuri, lakini utakuwa umesahau kama testa ilirudi kwenye ile soketi.