Ungo wa korosho na daftari la TT: wiki tisa za poka barazani Mikindani

Wiki ya 1 na ya 2

Vifaa kwanza. Seti ya karata tuliyoanza nayo ilikuwa na ree ya uru iliyoliwa kona na panya, na ilipofika raundi ya tatu kila mtu alikuwa anajua iko mkononi mwa nani. Tukanunua nyingine. Dau tunaweka korosho, na ungo uko katikati ya mkeka. Usiku wa kwanza tulitumia zilizobanguliwa. Kufika saa tatu nusu ya ushindi wangu ilikuwa tumboni mwa dereva wa bodaboda. Sasa tunatumia ghafi, maana utomvu wake hauna mzaha na midomo ya mtu. Kila mchezaji anakuja na kilo yake. Nilihesabu yangu zikawa 187, tukakubaliana kila mmoja aanze na 200 ili kichwa kisiume.

Pesa hatuchezi. Mke wangu aliuliza hilo kabla hajauliza poka yenyewe ni nini.

Tuko wanne: mimi, Mjomba, fundi cherehani wa jirani na huyo dereva. Wote tumekulia kwenye lasti kadi na arubastini, kwa hiyo poka ya Texas haikutusumbua sana. Unapewa karata mbili za siri, zinafunuliwa tatu mkekani, kisha ya nne, kisha ya tano, na kabla ya kila hatua, na mara ya mwisho baada ya hiyo ya tano, unaamua: utupe karata, ufuate dau la mwenzako, au uongeze. Mwishoni mwenye mkono bora, yaani karata tano bora, anachukua ungo. Ukiongeza huku mkono wako mtupu, hapo umepiga mkwara.

Sababu ya kuanza daftari ni moja. Nilijiona bingwa, lakini kila Jumapili korosho zangu zilikuwa zimepungua. Nilikuwa nakumbuka mikono niliyoshinda tu.

Wiki ya 3

Wiki hii nimejifunza kitu kinachoitwa thamani tarajiwa. Daftarini naandika TT. Hesabu yake haizidi ya darasa la saba: chukua utakachopata ukishinda, zidisha kwa uwezekano wa kushinda, toa utakachopoteza ukishindwa, kilichozidishwa kwa uwezekano wa kushindwa. Jibu ndilo unalopata au kupoteza kwa wastani, kama uamuzi uleule ungeurudia mara nyingi.

Mfano wa Jumatano. Karata ya nne imeshafunuliwa, ungoni mna korosho 120. Fundi anaweka 40. Kwa hiyo ziko 160 na mimi natakiwa kulipa 40 nione karata ya mwisho. Nina kopa nne, nahitaji ya tano, maana tano za aina moja ni mkono mkubwa. Nimeona karata sita (mbili zangu, nne za mkekani), zimebaki 46 nisizozijua, na kopa ndani yake ni 9. Basi 9/46 ya 160, kutoa 37/46 ya 40. Jibu ni hasara ya korosho 0.9. Hata moja haifiki! Nikiamini fundi atanilipa 30 zaidi kopa ikiingia, inageuka faida ya 5. Nilifuata, na sijutii.

Sasa ndugu yake mbaya. Ungo uleule, dau lilelile, ila nina 5, 6, 8 na 9, na nasubiri 7 izibe pengo ili karata tano zifuatane. Saba ziko nne tu. 4/46 ya 160, kutoa 42/46 ya 40: hasara ya 22.6. Kila nilipolipa kwa ajili ya lile pengo ilikuwa kama kumwaga konzi nzima ya korosho mchangani. Na nilikuwa nalipa kila mara, kwa sababu usiku mmoja mwezi Novemba 7 iliingia na dereva akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kwenye daftari: nimefuata pengo mara 11, limezibika mara 1.

Wiki ya 4

Sikufuata pengo hata mara moja. Hakuna la kuandika zaidi, ila uchungu wa kuona 7 ikitokea baada ya kutupa karata.

Wiki ya 5

Mvua. Baraza letu lina bati upande mmoja tu, na Ijumaa ilituvamia kabla karata ya tano haijafunuliwa. Mimi na Mjomba tulikuwa tumeshaweka kila kitu na karata ziko wazi. Nina jozi ya wafalme, sina kopa hata moja. Yeye ana kopa nne, na hakuna kingine cha kumwokoa isipokuwa kopa ya tano. Ungoni 240. Upepo ukapeperusha karata za kugawa mpaka mtaroni.

Mjomba akasema tugawane nusu kwa nusu, 120 kila mtu. Nikasema, kwa heshima yako Mjomba, hapana. Tumeona karata 8, zimebaki 44, kopa ni 9. Fungu lako ni 9/44 ya ungo, yaani korosho 49. Zangu 191. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya samaki ambaye bado yumo baharini.

Kumbe ubishi wetu wa mvua ni wa zamani sana. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat, Wafaransa, waliandikiana barua juu ya swali hilohilo: mchezo umekatishwa kabla haujaisha, dau ligawanywe vipi? Wakaona wasitazame nani yuko mbele sasa hivi, bali njia zote ambazo mchezo ungeweza kuishia. Mwaka 1657 Christiaan Huygens wa Uholanzi akachapisha kitabu kuhusu hesabu za michezo ya bahati, na TT ikapata mwili. Nilimweleza Mjomba. Akajibu, hao wazungu nao walikuwa na mjomba?

Tuligawana 120 kwa 120. Daftarini nimeandika: hasara 71, sababu: heshima.

Wiki ya 6

TT peke yake haitoshi, na wiki hii imeniuma. Nilibakiwa na korosho 60. Nikapata nafasi ya kuweka zote, hesabu ikiwa upande wangu wazi kabisa. Niliweka, nikapoteza, nikakaa saa mbili nakula ming'oko na kutazama wenzangu wakicheza. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila sikuwa na akiba ya kuusubiri ule wastani.

Huku kwetu jambo hili tunalijua bila daftari. Anayeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa kipimo cha bakuli nje ya mnada, kabla hata mikorosho haijazaa, anajua vizuri kwamba mnadani atapata bei nzuri kuliko ile. Hesabu yake haina kosa. Ada ya shule ndiyo haisubiri mnada. Huwa nakasirika nikisikia mtu wa ofisini anamwita mkulima huyo mjinga. Mnunuzi wa kangomba ndiye aliyekaa na akiba, na ndiyo maana anashinda. Nimeweka sheria: nikishuka chini ya 80, naacha mikono ya kubahatisha hata kama TT ina faida kidogo.

Wiki ya 7 na ya 8

Mkwara. Hapa ndipo nilipokuwa navuja zaidi bila kujua.

Chukua ungo wenye 60. Naweka 40 sina kitu. Akitupa, 60 zangu. Akifuata, 40 zimeenda. Ili nisipate hasara, lazima atupe angalau mara 4 kwa 10. Hesabu hiyo haina utata. Utata ni wa mtu: atatupa mara ngapi? Nikaanza kuandika kila nilipomwekea mtu dau kubwa, awe ametupa au amefuata.

Mjomba: ametupa mara 3 kati ya 14. Kumpigia mkwara ni hasara ya karibu 19 kila mara. Alivua samaki miaka mingi, mawimbi hayamtishi, sembuse mimi. Fundi: ametupa mara 9 kati ya 13, faida ya 29. Mimi nilikuwa nampigia Mjomba zaidi, kwa sababu ndiye niliyetamani kumshinda.

Nakubali, mara 13 ni chache. Lakini tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa kiasi kwamba nimebadilisha: Mjomba namwekea dau nikiwa na mkono tu, na kwa kuwa hatupi, ananilipa vizuri.

Wiki ya 9

Jumla tangu tuanze: niko chini kwa korosho 140. Dereva, ambaye hajawahi kuhesabu chochote zaidi ya mafuta ya pikipiki, yuko juu kwa 310 na analisema hilo kila tukikutana stendi. Hainisumbui sana. Mapengo nimeacha, mkwara kwa Mjomba nimeacha, na kati ya mikono minne mikubwa niliyopoteza Desemba, mitatu niliingia nikiwa na uwezekano unaozidi nusu. Ningeingia tena.

Kinachonisumbua ni fundi. Tangu hesabu ile nimempigia mkwara mara 5, ametupa mara 1. Jana, akikusanya korosho zangu, aliniuliza lile daftari huwa naliweka wapi usiku. Nimefungua ukurasa mpya wenye jina lake, na daftari sasa linalala chini ya mto.