Nilivyomtembeza mama Brickendon na Woolmers bila kumchosha

Mama alipokuja kututembelea huku Launceston, Tasmania, kile kisiwa cha Australia, nilijua nikimpeleka kwenye nyumba ya kihistoria tukaanza na vitanda na sahani za watu wa zamani ataniambia turudi, yeye ni mkulima bana, mambo ya makumbusho hayamuingii kabisa. Kwaiyo tulipofika Brickendon, shamba la kihistoria pale Longford, nikaanza na upande wa shamba, jumba nikaliacha kwanza.

Hapo ndo nilimpata. Kuna ghala la nafaka limeinuliwa juu ya nguzo panya wasipande, mama akainama kulikagua kwa chini, "mbona hiki kihenge hiki!" Alafu tukapita mabanda makubwa ya mbao, karakana ya mhunzi, banda la kuku na kijikanisa, huku namsimulia kwamba William Archer alianzisha shamba 1824, ndugu yake Thomas alishatangulia shamba la Woolmers ng'ambo ya mto Macquarie tangu karibu 1817, na kazi zote nzito walifanya wafungwa walioletwa kwa meli kutoka Uingereza, serikali inawagawa kwa wenye mashamba, mshahara hakuna, unapewa chakula, nguo na pa kulala basi. Wanawake wengi waliishia ndani kupika na kufua. Mama akasimama. "Wazungu kwa wazungu?" Nikamwambia ndio mama, na ndo maana UNESCO waliyaingiza mashamba yote mawili kwenye urithi wa dunia 2010, siyo kwa sababu ya uzuri wa jumba.

Jumba lenyewe ni lile la enzi za kina mfalme George, mlango katikati, madirisha sawasawa huku na huku. Ukoo wa William bado unaishi humo, sisi tuliishia bustanini kwenye miti mikubwa ya Ulaya. Mi naona maghala yana utamu zaidi.

Kwenda Woolmers kuna njia ya miguu kama kilomita 3, ila kwa magoti ya mama tukazunguka na gari. Huko nyumba unaingia na mtembezaji, kwaiyo ulizia saa mapema usije ukasimama juani na mzee. Thomas Archer wa sita, wa mwisho pale Woolmers, alifariki 1994 na vitu vya ukoo vikabaki mulemule. Mama alivipita haraka haraka kufika bustani ya waridi, akaanza kutafuta kijiti cha kwenda kupanda Iringa, nikamwambia hawa hawakubali mtu akate, na airport nako watatutoa jasho, tukabishana mpaka kwenye gari.