Mtunzi ni nani? Siku moja ya mwandishi wa nyimbo Ujiji

Saa 10 na dakika 40, alfajiri

Melodi hunijia Ujiji ikiwa bado imelala. Nafungua dirisha la upande wa ziwa. Taa za mitumbwi ya dagaa zimetapakaa majini, maana giza limerudi na wavuvi wako kazini. Mbalamwezi ikiwa kamili, huku kunakuwa kimya, kwa sababu dagaa haifuati taa ya mvuvi wakati mbingu yote inawaka.

Nachukua simu, naimba kwa sauti ya chini mwanangu asiamke. Mistari minne tu ya kibwagizo. Nikimaliza, ndani ya rekodi hiyohiyo natamka tarehe, saa na majina yangu matatu, halafu najitumia kwa barua pepe. Ni tabia niliyojifunza kwa maumivu, nitaisimulia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi haki tangu kazi inapozaliwa, haisubiri muhuri wa mtu. Lakini siku ya ubishi hakuna shahidi aliyekuwepo chumbani kwako alfajiri. Shahidi ni ile tarehe.

Saa 1 asubuhi

Chai, mihogo ya kuchemsha, mtoto shuleni. Nafua. Kibwagizo bado kinazunguka kichwani, nakiacha kizunguke. Kikibaki mpaka mchana bila kukisikiliza tena, kinafaa. Kikipotea, basi hata msikilizaji kingempotea.

Saa 3 asubuhi

Nakaa mezani na daftari mbili. Ya kwanza ni ya mashairi. Ya pili ni ya hesabu, na hiyo ndiyo inayonifanya nijiite mtunzi wa kazi na si wa mapenzi tu.

Mimi naishi kwa nyimbo za harusi, matangazo ya maduka, na nyimbo ninazowaandikia waimbaji wengine. Mbili za kwanza ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, harusi nne nilizokuwa nimeziandikia ziliahirishwa. Sikulalamika, samaki lazima wazae. Ila tangu hapo najua kwamba mimi na mvuvi wa Kibirizi tunakula sahani moja, na kila mwaka naweka akiba kabla Mei haijafika.

Leo nafungua akaunti yangu kwa yule msambazaji anayenipelekea nyimbo kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni: Spotify, Boomplay na kwingineko. Wimbo wangu mmoja, nilioimba mwenyewe, umesikilizwa Spotify mara 812 katika miezi 12. Malipo: sifuri. Tangu mwaka 2024 Spotify ina utaratibu kwamba rekodi isiyofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haiingii kwenye mgawo. Naandika 812 daftarini.

Majirani huniuliza, "Ukisikilizwa mara moja unapata shilingi ngapi?" Nawajibu kuwa hakuna bei ya mara moja. Fedha za wanaolipia na za matangazo hukusanywa pamoja, huduma hukata fungu lake, na linalobaki hugawanywa kwa wenye nyimbo kulingana na uzito wa kila mmoja katika kusikilizwa kote. Ndiyo maana wimbo uleule, idadi ileile, mwezi mmoja unaleta zaidi na mwingine pungufu.

Na hapo tumezungumzia rekodi peke yake. Kinachowaponyoka vijana wengi wa hapa, na kiliniponyoka mimi kwa miaka, ni kwamba ndani ya kitu kimoja unachokisikia kuna mali mbili. Kuna wimbo wenyewe, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Mwenye rekodi anaweza kuwa mwingine kabisa. Fedha za rekodi hupita kwa msambazaji. Fedha za mtunzi zina njia nyingine, na kama jina lako halipo popote kama mtunzi, zinapita mlangoni kwako bila kubisha hodi.

Kwetu njia hiyo ilipita COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki. Mwaka 2022 ofisi hiyo iligawa mirabaha, yaani malipo ya wenye haki, ya nyimbo zilizopigwa redioni na kwenye televisheni, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili kampuni za wenye haki ziweze kukusanya na kugawa mirabaha, COSOTA ikisimamia. Kusajili wimbo si sharti la kuwa na haki. Lakini anayegawa fedha atamjuaje mtu ambaye hajaandikwa?

Saa 5 asubuhi

Simu kutoka Dar es Salaam. Mwimbaji, kijana mwenye adabu, alisikia wimbo wangu wa harusi kwenye video ya ndugu yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu."

"Dada, nataka ule wimbo. Nakutumia laki mbili sasa hivi, wimbo unakuwa wangu."

Laki mbili kwa Ujiji ni pesa. Nimenyamaza kidogo, naye akadhani simu imekatika.

Miaka kadhaa nyuma nilisema ndiyo haraka. Mwimbaji mmoja, simtaji, alinipa elfu hamsini na soda baridi, nikamwimbia wimbo mzima akaunasa kwenye simu yake. Hakuna karatasi. Baadaye nikiwa kwenye gari la Mwandiga dereva akaufungulia sauti mpaka viti vikatetemeka, na abiria wote wakaimba beti nililolitunga nikimnyonyesha mwanangu. Nilipotafuta waliotajwa kama watunzi, nikakuta majina mawili, langu si mojawapo. Nilishuka kabla ya kituo changu. Elfu hamsini haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mama yangu alifariki akiupenda wimbo ule bila kujua kuwa ni wa mwanawe, kwa sababu nilikuwa namngojea jina langu litokee ndipo nimwambie.

Kwa hiyo kijana wa leo nimemwuliza, "Mdogo wangu, unataka kuuimba au unataka kuumiliki?"

"Kwani kuna tofauti?"

Nikamweleza. Akitaka kuuimba, nampa ruhusa ya maandishi arekodi. Rekodi inakuwa yake, wimbo unabaki wangu, na mimi naandikwa mtunzi kila mahali unapotoka. Akitaka kuumiliki, huko ni kuhamisha haki za kiuchumi, na hilo nalo kisheria linataka maandishi. Hata nikihamisha, haki ya kutambuliwa kuwa nimetunga haiuzwi pamoja nazo. Nimemtajia laki moja na nusu ya kurekodi, ruhusa ya miaka mitatu ambayo mwingine hapewi, na mirabaha ya utunzi yote kwangu isipokuwa atakapoongeza beti lake.

Alikaa kimya. Akasema atanipigia. Sijui kama atapiga, na sikuteremsha bei.

Saa 7 mchana

Ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga kwa jirani. Nimemsaidia kumenya vitunguu tukiongea habari za mvua.

Saa 8 mchana

Bajaji hadi Mwanga, mjini Kigoma. Studio ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi. Prodyuza ni kijana mwenye masikio ambayo ningeyaazima kama ingewezekana. Kuna binti wa miaka 17 mwenye sauti nzito iliyotulia, na leo nimemwomba aje na mama yake, muuza dagaa wa Kibirizi. Binti hajatimiza miaka 18. Mkataba wake mwenyewe hauna miguu, lazima mzazi awepo.

Tunaanza na muziki, siyo makaratasi. Kibwagizo cha alfajiri kimebaki kichwani, kwa hiyo nakiimba. Prodyuza anagusa kinanda, anabadilisha ghafla mahali nilipotarajia kushuka, yeye anapanda, na chumba kizima kinasisimka. Binti anakamata beti la pili na kupinda melodi kwa namna ambayo mimi nisingeifikiria. Tunarudia mara saba. Umeme unakatika mara moja, tunaendelea kwa makofi na mguu sakafuni, na nadhani ule mdundo wa sakafuni ndio uliokuja kuwa roho ya wimbo.

Kuna kitu nilikiacha makusudi. Prodyuza alitaka tuanze na wimbo wa kubembeleza mtoto ambao mabibi zetu wa Kiha huuimba. Ni mzuri mno. Nikasema tukiutumia, basi tuandike wazi kuwa hiyo sehemu ni ya jadi, hakuna kati yetu aliyeitunga, na tuulize Baraza la Sanaa la Taifa kwanza, kwa sababu sheria ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara. Siwezi kulia nimeibiwa na mwimbaji halafu nami nimwibie bibi. Tukaamua tusubiri.

Ndipo nikatoa karatasi. Karatasi ya mgawanyo haina makuu: jina la wimbo, tarehe, majina kamili, nani kafanya nini, asilimia, sahihi. Naitoa siku hiyohiyo wimbo unapozaliwa, jasho halijakauka. Wimbo usio na thamani bado hauna ugomvi. Ukishaanza kuchezwa kwenye kila harusi, kila mtu atakumbuka kuwa yeye ndiye aliyeleta ile nota.

Prodyuza akasema, "Dada, mimi nilipwe tu ya studio, mengine yenu."

Nikamkatalia. Angekuwa amenasa sauti na kuzisafisha tu, malipo ya studio yangemtosha, na kama kuna fungu lingine basi ni kwenye rekodi. Lakini ile sehemu aliyopandisha badala ya kushusha ni utunzi. Tukajadiliana kwa nusu saa. Mwisho: mimi 50, binti 25, prodyuza 25. Hiyo ni ya wimbo. Ya rekodi tukaandika ukurasa wa pili, nusu kwa binti na nusu kwa studio, kwa sababu studio haikumtoza pesa.

Mama alikuwa kimya muda wote, kitenge kimefunika magoti. Akauliza, "Sasa huyu akiolewa Dar, au akihamia Burundi, karatasi inamfuata?"

"Inamfuata, mama."

"Na mkifa?"

"Haki ya mtunzi ni maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tukiwa tumetunga pamoja, hiyo 50 inahesabiwa tangu afe wa mwisho wetu."

Akatazama dari. "Kumbe ni kama mchikichi. Baba yangu alipanda michikichi Simbo, amekufa, sisi tunakamua. Na anayekuja na kinu chake kukamua, mawese yake anachukua, lakini mti hachukui."

Nimefundisha jambo hili kwa vijana kwa miaka mingi na sikuwahi kulisema vizuri hivyo. Wimbo ni mti. Rekodi ni dumu moja la mawese. Mwakani mwingine anaweza kuja kukamua dumu lake, ukawa rimiksi au toleo la kwaya, na mti ukabaki palepale. Hata namba zake ziko hivyo: kila rekodi hupewa msimbo wake uitwao ISRC, rimiksi inapata mwingine, lakini wimbo wenyewe una msimbo mmoja tu, uitwao ISWC.

Mama akatia sahihi pole pole, herufi moja moja. Binti naye akatia. Prodyuza akapiga picha ukurasa wote na kututumia.

Saa 11 na nusu jioni

Katubuka, mazoezi ya kwaya moja. Wanataka wimbo wa Pasaka. Mwalimu wao ni msikivu, tumeelewana katika dakika kumi: wataurekodi, watauimba ibadani bila kunilipa, na kwenye maelezo ya video wataandika mtunzi. Kwaya huwa hazinisumbui. Wanajua thamani ya sauti nne kukubaliana.

Saa 1 usiku

Nimempelekea mtangazaji mmoja wimbo wa mwezi uliopita. Nimemwomba jambo moja: akiupiga, ataje na mtunzi. Redio zetu hutaja mwimbaji, wakati mwingine na prodyuza, mtunzi hapana. Ameniambia atajaribu. Nimemwandikia jina langu kwa herufi kubwa ili asipate shida ya kulitamka, na nikamwomba aliandike vilevile kwenye orodha ya nyimbo zilizopigwa, maana orodha hiyo ndiyo inayozungumza siku ya mgao.

Saa 3 na nusu usiku

Mtoto amelala. Najaza maelezo ya wimbo wa leo kabla ya usajili. Hapa sina mzaha hata na nukta. Jina la mtu likiandikwa hivi kwa msambazaji, vile COSOTA na vingine redioni, kwa kompyuta hao ni watu watatu, na hakuna kati yao anayelipwa.

Meseji ya sauti inaingia. Ni mama wa binti. Nyuma yake nasikia watu wa mwaloni wakiitana, mitumbwi inatoka.

"Mwanangu, samahani kwa usiku huu. Nimerudi nyumbani nikatoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Jina lake la kati lina 'h' katikati. Kwenye karatasi yako 'h' haipo. Sasa nimewaza, kama ni mti, si bora uandikwe jina lake lenyewe?"

Nimetazama karatasi. Ni kweli, nimeiacha mimi.

Nimemjibu nikamshukuru. Nimechukua karatasi nyingine nyeupe na rula, nimeanza kuchora mistari upya. Kesho asubuhi napitia Kibirizi kwanza atie sahihi, kisha Mwanga.