Taa ya nyuma iliyogeuka kisima

Saa 1 asubuhi. Mvua ya masika imepiga Tabata usiku kucha, na mimi fundi umeme wa magari najua leo chakula cha mchana nitakila kwa kuchelewa. Kiangazi huja wenye shida ya betri na alternata, ile inayochaji betri. Masika huja wenye maji.

Saa 2:30. Anaingia dada mmoja na gari yake, Noah. "Kaka, trafiki kanisimamisha, anasema taa ya breki ya kulia haionekani." Dogo wangu anakanyaga breki: taa inamulika kinyonge, na indiketa ya upande huohuo inapiga haraka haraka. Nikichungulia, maji yamejaa nusu ya lenzi, tena yameacha mstari wa kijani kama wa ukutani mwa kisima. Pembeni kote kumepakwa silikoni, tabaka juu ya tabaka. Fundi wa kwanza alipaka, maji yakarudi, akapaka tena. Simcheki. Hata mimi nilipoanza kazi nilikuwa napaka hivyohivyo, na wateja walikuwa wanarudi hivyohivyo.

Saa 3:15. Nafungua bolti mbili, kisha naivuta taa kinyumenyume bila kuipinda, maana pini za plastiki za pembeni zikikatika ndiyo basi. Maji namwaga kwenye kopo. Pini za shaba kwenye holda, yaani kishikio cha balbu, zimeota ukoko wa kijani, na waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, umeoza. Ndiyo maana ya ule unyonge. Silikoni ya bei chee, ile inayonuka siki, nayo imechangia: ikikauka inatoa asidi, na asidi inakula shaba.

Saa 4. Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Nabandua silikoni yote kwa wembe na kukuta kitundu cha kupumulia, nyuma ya taa, kilikuwa kimezibwa. Nakizibua, naziba matundu ya balbu kwa tepu, nazamisha taa kwenye beseni, na dogo anapuliza kwa mpira mwembamba kupitia kitundu hicho. Vipovu vinapanda kwenye kona ya juu, vidogo kama punje za ulezi. Kuna ufa mwembamba kama unywele pale lenzi inapokutana na kasha.

Nikamwonyesha mwenye gari. Taa ikiwaka, hewa ya ndani inapata joto na kutanuka. Ukizima, au mvua ikiipiga, hewa inapoa na kusinyaa, taa inavuta pumzi. Kitundu kikiwa kimezibwa, inavutia kwenye ufa, na kwenye ufa kuna maji. Kwa hiyo yule aliyepaka kila mahali aliifundisha taa kunywa.

Saa 6. Jua limetoka kidogo, ila halitoshi. Naazima drai ya saluni ya jirani. Malipo ni soda moja. Napuliza kwa mbali, plastiki isijikunje. Boda anatoka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, na holda ya mtumba.

Saa 8. Msasa, spiriti, halafu gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele, kwenye ufa tu. Balbu mpya ya wati 21 na 5, ethi mpya, na mpira mpya wa sponji kati ya taa na bodi.

Saa 10:30. Gundi imeshika juu, tunajaribu. Dogo anajifungia kwenye buti na tochi, mimi namwaga maji kwa mpira wa bustani. "Bosi, linadondoka!" Si kwenye taa, ni kwenye raba ya tundu la waya, ilikuwa imekaa upande. Dogo anatoka amelowa mgongo mzima.

"Elfu thelathini kwa gundi?" dada anauliza. Namkumbusha trafiki naye ana faini yake. Anacheka, analipa. Namwomba asiipeleke kwenye pampu ya kuoshea mpaka keshokutwa.

Saa 1 usiku mvua inaanza tena. Simu inaita, ni yeye. Tumbo linanikata.

"Kaka, taa kavu kabisa. Ila nikikata kona nasikia maji yanachezacheza ndani ya mlango."

Namwambia ailete kesho asubuhi. Matundu ya chini ya mlango yatakuwa yameziba, na naomba Mungu asiwe yule yule mwenye silikoni.