Yaya (mtoto mkubwa) anapompiga mdogo wake

Goma, Jumapili jioni

Mtoto wa miaka 3 akimsukuma mdogo wake, mtu mzima anayefika kwanza huinua mkono. Sioni kofi hilo linamfundisha nini zaidi ya kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga. Kesho atapiga tena, ila nyuma ya mlango.

Ushike mkono wake kabla haujatua, kwenye kifundo, bila kubana. Chuchumaa macho yenu yalingane, useme: "Hapana. Mtoto hapigwi." Basi. Maneno mengi hayamwingii mtoto wa umri huo. Kisha mgeukie aliyeumia, umbembeleze yeye kwanza, maana mkubwa akiona kupiga ndiko kunakomletea mama, atarudia. Ndipo umketishe karibu nawe dakika 2 au 3. Kumfungia chumbani ni kumwongezea hasira. Akitulia, alete kitambaa chenye maji baridi cha kumkanda mwenzake. Pole ya kulazimishwa huishia mdomoni.

Ugomvi mwingi huzuka kabla ya chakula cha jioni: bugali haujaiva, mama ananyonyesha, mkubwa ana njaa. Kipande cha ndizi saa hiyo kinasaidia kuliko fimbo. Na mawe yetu haya ya volkano yana ncha kali. Okota uani yote yanayoenea mkononi mwake, umwachie mpira wa mifuko aurushe atakavyo.

Kichwa kikigongwa, hasa cha mtoto ambaye utosi wake bado laini, mwangalie kwa makini. Akitapika tena na tena, au akisinzia isivyo kawaida, msingoje asubuhi. Kituo cha afya, usiku huo huo.

Linaloniuma zaidi ni lile la "nitakuitia askari." Katika mji uliosikia risasi za Januari 2025, hicho kitisho si cha kuchezea. Mtoto aliyeingiwa na hofu hushtuka usingizini, hukojoa kitandani, na pengine ukali wake kwa mdogo unatoka hapo hapo. Huyo alale karibu na mtu wake, ale na kuoga saa zile zile kila siku.

Tena tusimwambie kila mara "wewe ni yaya, umwachie." Kuna siku kichezeo ni chake kweli, arudishiwe. Na kila siku apate dakika 10 zake na mama au baba, kabla hajagombana na mtu, hata kama ni kuchagua maharagwe pamoja.