Okidi Iliyolegea: Kagua Mizizi Kabla ya Kumwagilia

Majani ya okidi, mmea wa maua ya mapambo, yakilegea na kukunjamana, watu wengi hapa Dodoma huongeza maji. Hewa ni kavu na upepo hautulii, kwa hiyo mmea unaonekana una kiu. Kiu ipo kweli, lakini mara nyingi imeletwa na maji yenyewe: mizizi imeoza, na mzizi uliooza haunywi. Ukizidi kumwagilia, unaumaliza.

Okidi ya ndani inayouzwa zaidi ni Phalaenopsis. Kwao Asia ya Kusini-Mashariki huota juu ya miti, mizizi ikiwa wazi hewani. Mizizi hiyo ina ganda linalofyonza maji kama sponji kisha hukauka. Ukiifukia kwenye udongo wa bustani inakosa hewa, na uozo huanzia hapo.

Toa mmea kwenye kopo, loweka mizizi kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, halafu ubonyeze mzizi mmoja mmoja. Mzima ni mgumu, wa kijani au wa kijivu cha fedha. Uliooza ni laini, wa kahawia, na ukiuvuta ganda linatoka na kubaki uzi. Rangi peke yake isikudanganye, maana mzizi uliokaa gizani unaweza kuwa wa manjano na bado ni mgumu, huo uache. Kata iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Mdalasini wa unga upake kwenye jeraha tu, kwa kuwa hukausha hata mzizi mzima. Uache mmea kivulini hadi majeraha yakauke.

Cha kupandia, mkaa unatosha: vipande vya sentimita 1 hadi 2, vioshwe vumbi lote na kulala ndani ya maji usiku mmoja. Makumbi ya nazi hushika unyevu vizuri zaidi, ila nazi nyingi hufika huku zikiwa zimeshafuliwa. Ukiyapata, yaloweke, yasuuze mara kadhaa kutoa chumvi, kisha changanya sehemu 1 ya makumbi na 2 za mkaa. Kopo liwe la plastiki angavu, lenye matundu mengi chini, na lienee mizizi tu. Kopo kubwa hukaa na maji muda mrefu. Kitovu, yaani katikati pale majani yanapochipuka, kibaki juu, kisifukiwe.

Maji ya visima vya huku mengi yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya mkaa na ncha za mizizi zimeungua, sababu ndiyo hiyo. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na chumvi inabaki. Kinga maji ya mvua kati ya Desemba na Aprili, uyahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko. Mwagilia mizizi inapogeuka kijivu. Kwenye kopo angavu utaiona. Joto la Oktoba na Novemba huenda likadai kila siku 3 au 4, baridi ya Juni na Julai kila wiki au zaidi. Maji yakituama kitovuni, yafyonze kwa tishu, la sivyo kitovu kinaoza na mmea unakufa.

Uweke kwenye dirisha la mashariki, mbali na upepo. Jua la mchana huchoma majani.

Mmea uliobaki bila mizizi kabisa uingize kwenye mfuko wa plastiki angavu pamoja na makumbi yenye unyevunyevu tu, mahali penye mwanga usio na jua kali, na ufungue mfuko kila siku upate hewa. Kazi hii huchukua miezi.

Mbolea isubiri ncha mpya za mizizi. Zikitokea, tumia NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) 20-20-20 ya kuyeyuka, nusu gramu kwa lita, kila baada ya wiki 2, juu ya mkaa uliokwisha lowana. Majani ya zamani huenda yasinyooke tena. Kupona kwa mmea kupime kwa mzizi mpya na jani jipya.

Usiku wa baridi wa Juni na Julai huweza kuchochea shina la maua. Mmea ambao bado ni dhaifu, wenye majani 2 tu, ukitoa shina hilo, likate mapema ili nguvu iende kwenye mizizi.