Nilivyoongeza jina la mke wangu kwenye hati ya nyumba, Columbus, Ohio

Nyumba yetu ilikuwa imeandikwa kwa jina langu peke yangu. Nilitaka iwe ya wote wawili, na kwa namna ambayo mmoja wetu akitangulia mbele za haki, mwenzake asilazimike kuifuata nyumba yake mwenyewe katika mahakama ya mirathi. Nilishughulikia jambo hilo mwenyewe kwenye ofisi za kaunti ya Franklin. Naandika hatua zake kwa sababu ndugu zetu wengi wa hapa wanasaini karatasi za kuongeza jina bila kujua kwamba maneno machache yakikosekana, wamepata nusu tu ya walichokitaka.

Kwanza uielewe kazi ya rekoda wa kaunti, yaani afisa anayeandikisha hati za nyumba. Ofisi yake haiamui nani ni mwenye nyumba. Inaangalia kama hati ina saini, muhuri wa notari (afisa anayethibitisha saini) na nafasi wazi zinazotakiwa, kisha inaipiga picha, inaipa namba na kuiingiza kwenye faharasa. Hati yenye maneno mabovu itapokelewa sawa na yenye maneno mazuri, alimradi umbo lake linakubalika. Aliyezoea Tanzania, ambako Msajili wa Hati ana daftari na jina lililomo ndilo la mmiliki, anaweza kupotea hapa. Kwa nyumba nyingi za Ohio hakuna karatasi moja inayomaliza ubishi. Umiliki ni mnyororo wa hati: huyu alimpa yule, yule akampa mwingine. Kwa kifungu 5301.25 cha sheria za Ohio, hati isiyoandikishwa haina nguvu mbele ya mnunuzi wa baadaye aliyenunua kwa nia njema bila kuwa na habari nayo. Ndiyo maana hati iliyosainiwa na kufungiwa kabatini ni hatari.

Kwenye kutafuta, usianzie kwa rekoda. Faharasa yake inakwenda kwa majina ya watu, mtoaji na mpokeaji, na si kwa anwani ya nyumba. Nilianzia tovuti ya odita wa kaunti, afisa anayetunza orodha ya nyumba kwa ajili ya kodi, ambako unaandika anwani na kupata namba ya kiwanja, jina la mmiliki jinsi lilivyoandikwa, na tarehe nyumba ilipohamishwa mara ya mwisho. Ukiwa na jina na tarehe, ingia kwa rekoda ulitafute jina hilo upande wa wapokeaji. Hapo utaipata hati iliyokupa nyumba. Namba za hati za Franklin ni ndefu, ila tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuandikishwa, kwa hiyo ukiitazama tu unajua iliingia lini.

Kisha geuza, ulitafute jina lako upande wa watoaji. Wengi hawafanyi hivyo, na madeni yako huko, kwa kuwa aliyekopa ndiye anayehesabiwa mtoaji wa rehani. Kila rehani iwe na hati yake ya kufutwa. Sheria inampa mkopeshaji siku 90 baada ya deni kulipwa lote kuandikisha ufutaji huo, lakini waliochukua mkopo mpya kulipa wa zamani hukuta ule wa zamani bado unaning'inia. Dai barua ya ufutaji kwa mkopeshaji sasa, wakati benki bado ipo na kumbukumbu zake zipo. Fundi ambaye hakulipwa naye anaweza kuandikisha kiapo cha madai juu ya nyumba: kwa nyumba ya kuishi ana siku 60 tangu kazi ya mwisho, na dai lake likishaingia linakaa miaka 6. Anayenunua, tofauti na anayeongeza jina tu, arudi nyuma angalau miaka 40 kwenye mnyororo.

Majina yetu ndiyo yanayoleta taabu kubwa kuliko yote. Mtu ana majina matatu, la kwake, la baba na la babu. Pasipoti imeyapanga hivi, leseni ya udereva vile, na hati ya nyumba imechukua jina la babu kama la ukoo. Mohamed ana herufi moja au mbili katikati kutegemea karani. Tafuta kila tahajia na kila mpangilio. Na unapoandika hati mpya, mtoaji aandikwe kama alivyoandikwa alipopokea, herufi kwa herufi. Kama jina limebadilika, kwa mfano baada ya kuapishwa uraia, yaandikwe yote mawili na ielezwe kuwa ni mtu mmoja. Usiporudia jina la zamani, mnyororo umekatika: anayetafuta kwa jina hilo hataiona hati yako mpya kamwe.

Kuna vitu ambavyo hutavipata kwa rekoda hata ukeshe. Vyeti vya hukumu za madai, ambavyo hushika nyumba ya mdaiwa, viko kwa karani wa mahakama ya kaunti. Kodi ya nyumba iko kwa mweka hazina. Nyumba iliyorithiwa ina faili kwenye mahakama ya mirathi. Pitia kote.

Hati yenyewe niliiandaa mwenyewe, na Ohio inaruhusu kwa mali yako. Kumwandikia mtu mwingine wakati wewe si wakili ni kosa, hata kama ni shemeji yako na hujamtoza chochote. Na hati lazima ioneshe jina la aliyeiandaa. Nilitumia hati ya kuachia haki, ambayo watu wa hapa huiita kwitkleimu. Inahamisha ulichonacho, lakini haidhamini chochote, kwa hiyo kwa mume na mke inatosha. Ukinunua kwa mtu baki, usiikubali.

Ndani yake mambo manne ndiyo ya kukazia macho. Hali ya ndoa ya mtoaji iandikwe, kwa sababu Ohio bado inampa mwenzi haki juu ya nyumba hata kama jina lake halimo. Mwenye ndoa akimuuzia au akimpa mtu mwingine, mwenzi wake naye atie saini kuiachia haki hiyo. Maelezo ya mipaka yanakiliwe kutoka hati ya awali bila kufupisha: namba ya kiwanja, jina la mgao (eneo lililogawanywa viwanja), kitabu cha ramani na ukurasa. Namba ya hati ya awali itajwe. La nne ndilo lililonipeleka huko: baada ya majina mawili ya wapokeaji, weka maneno ya kifungu 5302.17 yanayosema kwamba wanamiliki kwa maisha yao wote wawili na kinachobaki ni cha atakayebaki hai. Bila maneno hayo kila mmoja ana fungu lake tu, na fungu la marehemu linakwenda mirathi.

Umbo lina masharti yake. Karatasi iwe na upana wa inchi 8.5 na urefu wa inchi 11 hadi 14, herufi zisipungue saizi 10, wino mweusi au wa bluu, pasiwe na rangi za kuangazia. Pembeni na chini acha inchi 1. Juu ya ukurasa wa kwanza inchi 3 wazi, kwa ajili ya mihuri ya injinia, odita na rekoda, na kurasa nyingine inchi 1.5. Ukikosea wanapokea kwa nyongeza ya dola 20. Programu ya kuandikia hupanga ukingo wa juu wa inchi 1, na mashine ya kuchapa ikipewa amri ya kulingana na karatasi huvuruga vipimo; chapa kwa asilimia 100, kisha pima kwa rula. Mtoaji anasaini mbele ya notari. Mashahidi wawili hawatakiwi tena tangu 2002.

Njia ya ofisini ina mpangilio na ukiuruka unarudishwa. Injinia wa kaunti anakagua maelezo ya mipaka. Tarakimu moja ikipishana na ramani, hati inarudi. Kisha odita anahamisha jina la mlipa kodi. Kwa mauzo unajaza fomu DTE 100 na kulipa dola 1 kwa kila dola 1,000 za bei, na kaunti inaweza kuongeza hadi dola 3. Zawadi kati ya mume na mke, au mzazi na mtoto, inatumia DTE 100EX. Unatia alama kwenye msamaha unaokuhusu na kulipa senti 50 kwa kila kiwanja. Mwisho ni rekoda: dola 34 kwa kurasa mbili za mwanzo, dola 8 kwa kila ukurasa unaofuata, na kaunti nyingine huweka ada ndogo ya kuhifadhi nyaraka juu yake.

Mwenye mkopo asiogope kwamba benki itadai deni lote kwa mpigo. Sheria ya shirikisho ya 1982 inamlinda anayemwongeza mwenzi au mtoto kwenye nyumba ya kuishi. Bima ya umiliki, ile inayokulinda mtu akitokea na dai juu ya nyumba, ni jambo jingine. Pigia kampuni simu kabla ya kusaini, uulize kama ulinzi wako unaendelea baada ya kwitkleimu.

Anayetaka tu watoto warithi, na si kuwapa sehemu leo, asiandike hati ya kuhamisha. Ohio ina kiapo cha kumtaja mpokeaji baada ya kifo. Unabaki mwenye nyumba kamili na unaweza kukifuta, ila lazima kiandikishwe kwa rekoda ungali hai. Mtoto akishaingizwa kwenye hati, madeni yake na talaka yake vinaingia nyumbani kwako.

Hati ikirudi, fungua faharasa usome majina yalivyoingizwa. Kosa likiwa la karani, peleka nakala warekebishe. Likiwa ndani ya hati yenyewe, kama herufi iliyoruka, huandikishwa kiapo cha ukweli kuhusu umiliki kinachotaja namba ya hati ile. Barua zitakuja zikikuuzia nakala ya hati yako kwa bei kubwa. Rekoda anaitoa kwa dola chache. Kaunti nyingi pia zina huduma ya bure ya kukuarifu kila hati inapoandikishwa kwa jina lako. Nimejisajili kwa tahajia zote za jina langu na za mke wangu.